Kuwachunguza Ndege wa Msituni Wakati wa Kutaga na Kulea

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza sehemu za mwili wa ndege, na umeona jinsi midomo na miguu yao inavyofaa kazi mbalimbali. Katika somo hili tutajifunza jinsi wataalamu wanavyogundua kama ndege wa msitu fulani wanazaliana vema. Huenda ukasema moyoni, "Kazi hiyo ni nyepesi. Nitaingia msituni, nitawatazama ndege na kuwahesabu." Lakini kumwona ndege ni jambo moja, na kujua kama ana watoto watakaomrithi ni jambo jingine.

Fikiri juu ya shule yenye wanafunzi wa darasa la pili hadi la saba, lakini mwaka huu hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikishwa darasa la kwanza. Mwaka ujao hali ni hiyo hiyo, na mwaka unaofuata pia. Mgeni apitaye leo huona watoto wengi uwanjani, akasema shule hii ni hai. Baada ya miaka michache madarasa yatakuwa matupu. Msitu nao waweza kuwa hivyo. Baadhi ya ndege wadogo wa misitu yetu huishi miaka kumi na zaidi. Wakiwa wazima huendelea kuimba kila asubuhi, hata kama mayai yao yameliwa kila mwaka. Ndiyo sababu mtaalamu hatosheki na kuhesabu ndege. Hutafuta viota, mayai na makinda.

Msitu wa Amani

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Upepo wa bahari huleta mawingu yanayogonga milima hiyo na kunyesha mvua, na kwa hiyo misitu yake ni mibichi mwaka mzima. Maji ya Mto Zigi, yanayotumiwa na watu wa mji wa Tanga, hutoka katika milima hiyo. Mwaka 1997 serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye eneo la hekta 8,380 hivi.

Misitu hiyo haikushikamana yote. Kwa miaka mingi sehemu zake zilifyekwa kwa ajili ya mashamba ya chai, ya chakula na ya biashara. Leo, ukisimama juu ya kilima, utaona msitu mkubwa upande mmoja, na vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na chai upande mwingine. Vipande vingine ni vidogo kuliko kiwanja cha mpira. Hali hii imewapa wataalamu nafasi ya kuuliza swali kubwa: Je, ndege wa kipande kidogo hulea watoto sawasawa na ndege wa msitu mkubwa?

Uchunguzi wa ndege wa Amani ulianza zamani. Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani tangu mwaka 1928 hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred waliandika habari nyingi za viota vya ndege wa Afrika ya Mashariki. Hawakufanya kazi hiyo peke yao. Salimu Asmani, msaidizi wao, alikuwa hodari wa kuwatafuta ndege wa milimani, na watu wengine wa Amani walikaa karibu na viota kwa saa nyingi, wakihesabu mara ambazo mzazi alileta chakula. Mengi tunayoyajua kuhusu ndege hao yalitokana na macho na subira ya watu hao.

Masikio kwanza, macho baadaye

Msituni majani ni mengi na mwanga ni haba. Unaweza kutembea saa nzima ukasikia ndege ishirini na kuwaona wawili. Kwa hiyo mtaalamu wa ndege wa msituni hutumia masikio kwanza. Hujifunza wimbo wa kila aina mpaka aweze kumtaja ndege asiyemwona, kama wewe unavyomtambua ndugu yako kwa sauti yake akiwa nje ya mlango.

Kwa nini ndege huimba? Dume huimba ili kumwita jike, na ili kuwaambia madume wengine wa aina yake kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Eneo analolilinda huitwa himaya. Ndani ya himaya yake hupata chakula, na humo hujenga kiota. Ukijua idadi ya himaya, umekaribia kujua idadi ya jozi za ndege.

Mtaalamu huchora ramani ya sehemu ya msitu, akaonyesha njia, vijito na miti mikubwa. Kisha hupita njia ile ile asubuhi nyingi, kuanzia mapambazuko hadi yapata saa tatu, wakati ndege wanapoimba sana. Kila amsikiapo ndege huweka alama mahali pake katika ramani. Siku ya kwanza alama huonekana zimetawanyika ovyo. Baada ya siku saba au nane huanza kukusanyika mafungu mafungu, na kila fungu ni himaya moja.

Sasa kuna tatizo. Leo umemsikia kurumbiza penye mkuyu, na kesho ukamsikia penye kijito. Je, ni ndege mmoja aliyehama, au ni wawili? Huwezi kujua, mpaka siku utakapowasikia wote wawili wakiimba kwa wakati mmoja, huyu akijibu na yule akijibu. Siku hiyo unganisha alama zao mbili kwa mstari katika ramani. Mstari huo una thamani kuliko alama kumi zilizobaki, kwa kuwa unathibitisha kwamba ndege ni wawili. Lakini uwe mwangalifu. Kuna aina ambazo dume na jike huimba kwa kupokezana upesi sana hata mtu asiyewajua hudhani kwamba anamsikia ndege mmoja tu.

Ndege mmoja wa Amani huwasumbua sana wachunguzi. Ni mdogo, rangi yake ni ya kijivu, na mdomo wake ni mrefu na mwembamba. Jina lake la kisayansi ni Artisornis moreaui, nalo limetokana na jina la Moreau. Katika nchi yetu ndege huyu anajulikana kuishi Usambara Mashariki tu. Hujificha ndani ya mimea itambaayo iliyosongamana, hasa mahali ambapo mti mkubwa umeanguka na mwanga umepenya. Kama si sauti yake, mtu angepita chini yake kila siku asijue kwamba yupo.

Dalili za kuzaliana

Ndege wengi wa Usambara huanza kujenga viota mvua za vuli zinapokaribia, wakati wadudu wanapoongezeka. Katika majira hayo mtaalamu hutazama mwenendo wa ndege, na kila dalili huipa uzito wake.

Dume aimbaye peke yake ni dalili dhaifu. Huenda hana mke. Jozi inayoonekana mahali pale pale kwa wiki kadhaa ni dalili bora zaidi. Ndege aliyebeba nyuzi za utando wa buibui, kuvu au vijiti mdomoni anajenga, ingawa hatujui kama atataga. Dalili za kuthibitisha kabisa ni kuona kiota chenye mayai au makinda, kumwona mzazi akipeleka chakula mahali pale pale mara kwa mara, au kumwona kinda aliyetoka kiotani karibuni, mkia wake ukiwa bado mfupi, akiomba chakula. Iko dalili nyingine ambayo wanafunzi huicheka. Makinda ya ndege wengi wadogo hutoa kinyesi ndani ya kifuko cheupe, na mzazi hukichukua kwa mdomo akakitupa mbali ili kiota kiwe safi na adui asikigundue. Ukimwona ndege akitoka kichakani na kifuko hicho mdomoni, andika "makinda wapo", hata kama hukukiona kiota.

Viota havifanani

Viota vya Usambara vina maumbo manne hasa. Kuna viota bapa kama sahani, viota vyenye shimo kama kikombe, viota vilivyofunikwa juu kama nyumba iliyoezekwa, na viota vinavyoning'inia kama mfuko. Kuna pia ndege ambao hawajengi bali hutaga ndani ya mashimo ya miti. Huyo aliye mashuhuri kuliko wote ni hondohondo mkubwa, mweusi na mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo wake. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia katika shimo la mti mkubwa. Dume humeza udongo, kisha huutapika kama vidonge, na jike huutumia kuuziba mlango wa shimo. Huacha ufa mwembamba tu. Jike hukaa humo zaidi ya miezi mitatu, akiatamia mayai na kulea, na muda wote huo dume humletea matunda na kumpitishia katika ufa ule.

Tazama jambo hili kwa makini. Hondohondo anaweza kuruka mbali akala matunda katika vipande vingi vya msitu, na watu wakamwona kila mahali. Lakini kiota chake kinahitaji mti mnene, wa zamani, wenye shimo. Mti huo ukikatwa kwa ajili ya mbao, kupanda mche mahali pake hakumsaidii hondohondo wa leo, wala mtoto wake. Kwa hiyo mchunguzi huandika pia miti yenye mashimo iliyopo, si ndege peke yao.

Kukifuata kiota mpaka mwisho

Kukiona kiota ni mwanzo wa kazi tu. Ni lazima kujua kilichotokea. Mchunguzi hurudi kila baada ya siku chache akaandika tarehe, idadi ya mayai, idadi ya makinda, na hali ya kiota. Kiota kikiwa juu, hutumia kioo kidogo kilichofungwa kwenye ufito ili aone ndani bila kupanda mti. Ndege wengi wa misitu hiyo hutaga mayai mawili au matatu tu, na kwa hiyo kila yai lina maana.

Katika kazi hii ujinga huua. Mtu anayekatiza vichaka hadi kwenye kiota, kisha akarudi kwa njia ile ile, huacha njia inayomwongoza kanu au nguchiro moja kwa moja kwenye mayai. Mchunguzi mwema hupita kando ya kiota bila kusimama sana, huendelea mbele, na hutokea upande mwingine. Hakati matawi yanayokifunika kiota. Akiona kima au kunguru wanamtazama, hakikaribii kabisa. Kuwanasa ndege kwa nyavu laini na kuwavisha pete mguuni ili watambulike baadaye hufanywa na watu waliofunzwa na wenye kibali tu. Wewe usijaribu.

Hesabu ya viota

Tuseme tumepata viota 100 katika msitu mkubwa na viota 100 katika vipande vidogo. Kuanzia siku yai la kwanza linapotagwa hadi makinda yanaporuka ni siku 28. Tuseme katika msitu mkubwa, kila siku viota 3 katika kila 100 vilivyobaki huharibika. Katika vipande vidogo, huharibika 6 katika kila 100.

Msitu mkubwa: baada ya siku ya kwanza hubaki 97, baada ya siku ya pili 94, baada ya siku ya tatu 91.

Vipande vidogo: baada ya siku ya kwanza hubaki 94, baada ya siku ya pili 88, baada ya siku ya tatu 83.

Tofauti ya siku moja ni viota vitatu tu, na mtu aweza kuidharau. Endelea na hesabu hiyo hadi siku ya 28. Katika msitu mkubwa vitabaki viota 43 hivi. Katika vipande vidogo vitabaki 18 hivi. Hasara ndogo ya kila siku imekuwa hasara kubwa.

Hesabu hiyo pia inatuonya juu ya kosa moja. Kiota kilichogunduliwa siku moja kabla makinda hayajaruka karibu daima kitaonekana kimefaulu, kwa sababu kimekwisha kupita siku 27 za hatari. Viota vilivyoharibika siku ya pili au ya tatu hatukuviona. Tukihesabu tu viota vilivyofaulu kati ya tulivyoviona, tutadhani mambo ni mazuri kuliko yalivyo. Ndiyo sababu mtaalamu huandika tarehe aliyokiona kiota kwa mara ya kwanza, na huhesabu siku ambazo kiota kilikuwa chini ya uangalizi wake.

Yaliyoonekana Usambara

Mwaka 2011 mtafiti William Newmark na mwenzake walitoa matokeo ya kazi ya namna hiyo iliyofanyika Usambara Mashariki. Kwanza walilinganisha aina nane za ndege wanaoishi sehemu ya chini ya msitu, katika majira moja ya kutaga. Kwa aina saba kati ya nane, viota viliharibika zaidi katika vipande vidogo kuliko katika msitu ulioshikamana. Kisha walichunguza viota 1,272 vya aina 13, katika majira sita ya kutaga na mahali 14. Ukubwa wa kipande cha msitu ulionekana kuwa na nguvu sana: kadiri kipande kilivyokuwa kidogo, ndivyo viota vilivyozidi kupotea.

Viota 1,272! Fikiri ni asubuhi ngapi za ukungu, umande na ruba zilizohitajika ili kuvipata, kwa maana ndege wa msituni huvificha viota vyao kwa ustadi mkubwa.

Matokeo hayo yana faida gani? Yanaonyesha kwamba kulinda vipande vidogo vilivyotengana hakutoshi. Inafaa kuviunganisha kwa ukanda wa msitu, ili eneo liwe kubwa na ndege wapite. Mfano wa ukanda huo ni Derema, wenye hekta 956 hivi, unaounganisha msitu wa Amani na misitu iliyo kaskazini yake. Derema ilikuwa na mashamba ya iliki. Iliki hupenda kivuli, na kwa hiyo mkulima huacha baadhi ya miti mikubwa lakini hufyeka mimea yote ya chini. Ukitazama kutoka mbali ungesema kwamba msitu upo. Lakini ndege ajengaye kiota chake urefu wa magoti kutoka ardhini hana tena mahali pa kukificha.

Katika miaka ya 2000 wakulima wa Derema walilipwa fidia ili waache mashamba hayo. Jambo hilo halikuwa jepesi. Iliki ilikuwa fedha ya karo, ya dawa na ya bati, na wakulima wengi walilalamika kwamba fidia haikulingana na walichopoteza. Wao nao wanastahili kuhesabiwa katika hesabu ya msitu, kama wanavyohesabiwa ndege.

Kazi ya darasa

Chagueni pamoja na mwalimu wenu eneo lenye miti karibu na shule, lenye upana na urefu wa hatua 100. Chora ramani yake katika daftari lako na uonyeshe kila mti mkubwa. Gawanyikeni katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kiende asubuhi moja, mara jua linapochomoza, kikae kimya dakika kumi mahali palepale, na kiandike kila ndege aliyesikika au kuonekana. Kama hamjui jina lake la Kiswahili, waulizeni wazee jina lake katika lugha ya nyumbani, au elezeni rangi, ukubwa na sauti yake.

Tumieni alama hizi katika ramani: W kwa ndege anayeimba, J kwa jozi, V kwa ndege aliyebeba vitu vya kujengea, C kwa ndege aliyebeba chakula, M kwa makinda. Baada ya wiki mbili, wekeni alama za vikundi vyote katika ramani moja kubwa ukutani. Msiguse kiota chochote, na msimwonyeshe mahali pake mtu mwenye manati.

Maswali

1. Kwa nini msitu waweza kuwa na ndege wengi waimbao, na bado ndege hao wakawa wanapungua?

2. Juma aliandika kwamba aliona shorwe watatu. Alimsikia mmoja penye mwembe siku ya Jumatatu, mmoja penye kisima siku ya Jumanne, na mmoja penye mwembe siku ya Jumatano. Je, ana haki ya kusema watatu? Angefanya nini ili ajue idadi yao?

3. Panga dalili hizi kuanzia iliyo dhaifu hadi iliyo thabiti: ndege aliyebeba kijiti, kinda mwenye mkia mfupi, dume anayeimba, jozi iliyoonekana mahali pamoja wiki tatu.

4. Viota 100 vinaharibika kwa kiasi cha 10 katika kila 100 vilivyobaki kila siku. Vitabaki vingapi baada ya siku tatu?

5. Mkulima ameacha miti mikubwa shambani mwake na kufyeka mimea ya chini. Ni ndege gani watakaoendelea kutaga humo, na ni gani watakaoshindwa? Toa sababu.

6. Katika ramani ya darasa lenu, tafuta mahali penye alama C au M. Ni mimea gani iliyopo hapo ambayo haipo mahali pengine?